Safari ya Lushoto: Watu Wanne, Gari Moja, Siri Mbili

Jamani, ile picha niliyokalia kidumu cha maji pembeni ya barabara, wigi limelala upande, haikuwa pozi. Ndiyo picha pekee ya safari yetu ya Lushoto. Na hapo kusema ukweli Lushoto kwenyewe tulikuwa hatujafika.

Wazo lilikuwa la shoga yangu mmoja aliyekuwa anatimiza miaka 30. Hakutaka ukumbi wala keki ya ghorofa, alitaka baridi. Tukafungua grupu, tukachanga Sh 150,000 kila mmoja, tukamkabidhi mwenzetu anayefanya kazi ya uhasibu, maana sisi wengine pesa haikai mkononi. Nitamwita Mweka Hazina. Kazi yake ilikuwa mafuta ya gari na kulipia vyumba mapema. Kazi yangu ilikuwa gari lenyewe.

Nikaazima la shemeji, mume wa dada yangu. Ananipa funguo akaniambia, "Shem, hili ni la mjini tu, linachemsha. Mwisho Bagamoyo." Nikamwambia ndiyo, Bagamoyo tu shem. Kwenye grupu nikaandika: gari liko fiti.

Mpango ulikuwa kuondoka Dar saa 11 alfajiri. Tumeondoka saa 4 asubuhi, mwenye siku yake alikuwa bado anasukwa. Foleni ya Kimara ikatula, na kabla ya Chalinze, kwenye kibao cha 50, tochi ikaninasa nikiwa 68. Faini Sh 30,000. Trafiki mwenyewe kijana mpole, akatuonyesha picha ya gari letu kwenye kimashine chake. Limetoka vizuri kuliko sisi wote.

Muda wote huo mimi jicho liko kwenye mshale wa joto. Kiyoyozi nilikizima tangu Mbezi, nikawaambia kinaharibu ngozi. Wakaniamini! Tulipofika Michungwani tukanunua machungwa, wakala, wakalala, pamoja na yule tuliyemkabidhi ramani. Pale Segera mimi nikafuata basi lililokuwa mbele yangu. Basi lilikuwa linakwenda Tanga. Nilishtukia kibao cha Muheza, na ikabidi turudi njia yote.

Kwa hiyo Mombo tumefika jua linazama. Wanaoijua ile barabara wanajua: kilomita kama 33 za kupanda, kona juu ya kona, upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde. Hatujafika hata nusu, mshale ukalala kwenye nyekundu na boneti ikaanza kufuka moshi. Tukasimama, tukaweka jiwe nyuma ya tairi. Rejeta imetoboka. Vijana wawili wakashuka bondeni na kidumu kututafutia maji, na mama mmoja wa nyumba ya jirani akaja na kipande cha sabuni ya mche tuzibie. Hatukumwomba, alitutazama tu akajua.

Tunasubiri injini ipoe, nikasema, "Mpigieni mwenye hoteli, mwambieni tunachelewa."

Kimya. Kisha Mweka Hazina akasema, "Hakuna hoteli."

Mama yake alikuwa amelazwa wiki tatu zilizopita. Vipimo, dawa, kitanda. Alichukua pesa yetu akijua ataomba mkopo wa mshahara airudishe, mkopo ukakataliwa. Alipanga kutuambia Kibaha. Halafu Chalinze. Halafu Korogwe. Kila akitaka kufungua mdomo tunacheka.

Mwenye siku yake akawaka. Mengine siyaandiki, ila mwisho alisema, "Si ungesema tu? Tungekuchangia!"

Mweka Hazina akajibu polepole, hata hakumtazama. "Mara ya mwisho mliponichangia, mliweka orodha kwenye grupu. Nani katoa ngapi, nani bado. Baba yangu hata hajazikwa."

Ile orodha niliiandika mimi. Niliona ni utaratibu tu, watu wasisahau. Niliweka hata alama ya tiki mbele ya majina. Nilitamani lile bonde linimeze, maana hakusema jina langu, na wote watatu tulijua.

Sikuwa na cha kujitetea, nikajikuta nasema la gari. Bagamoyo, shemeji, kiyoyozi, ngozi, yote. Mwenye ramani akaanza kucheka mpaka akakaa chini kwenye lami. Mwenye siku yake hakucheka. Alitembea mbele kidogo, akasimama peke yake na vile visandali vyake vya kamba, baridi inampiga. Aliporudi alimuuliza Mweka Hazina kitu kimoja tu: "Mama yuko nyumbani sasa?" Yuko. "Haya, twende."

Tulijikokota mpaka Soni, tunasimama kila baada ya kona chache kuongeza maji. Tukapata gesti, chumba kimoja, vitanda viwili. Umeme ukakatika. Mhudumu akaleta mshumaa, chai ya tangawizi na maandazi ya asubuhi, na huo mshumaa wa gesti ndio uliopulizwa kwa miaka 30. Picha haipo, simu zote zilikuwa zimezima.

Asubuhi fundi wa pale alitutengenezea rejeta kwa pesa iliyobaki, tukageuza. Lushoto mjini sijaiona hadi leo.

Mweka Hazina anarudisha kidogo kidogo, kila mwisho wa mwezi. Tulimwambia aache, akakataa, na mwenye siku yake bado hajachangamka naye kama zamani. Ile orodha niliifuta. Kuomba msamaha nilimwomba kwa simu, akasema yameisha, halafu akaniuliza bei ya vitenge.

Shem, kama unasoma hapa: ile sabuni uliyoikuta kwenye boneti ni ya Bagamoyo.