Matanga ya Siku Moja

Zamani, mtu akifa kwetu Shari, karibu na Bunia mashariki mwa Kongo, kitu cha kwanza kuonekana uani ni kuni. Wanaume walikuja na magogo ya mkaratusi begani, wakayabwaga karibu na mlango na kuwasha moto kabla hata ya kuuliza marehemu aliugua nini. Nyuma yao wanawake na mikeka, sufuria, unga wa muhogo, sombe ambayo bado haijatwangwa. Hakuna aliyeitwa. Kilio kilivuka mto Shari, kikafika ng'ambo, na wa ng'ambo wakajifunga vitenge wakaja. Ndugu wa mbali, wale wa Mongbwalu au Mahagi, walipata habari kwa tangazo la Radio Candip, lililosomwa polepole pamoja na majina yote ya wafiwa, mpaka sisi watoto tukawa tunazijua koo za watu tusiowahi kuwaona.

Baba alifariki nikiwa mtoto wa shule ya msingi, miaka ya themanini, nchi bado ikiitwa Zaire. Ninachokumbuka zaidi ni kwamba mama hakugusa ufagio. Hakuchota maji, hakupika, hakuwasha taa. Wanawake walilala naye chini, wamemzunguka, na usiku akishtuka palikuwa na mkono juu yake kabla hajafungua macho. Mmoja alikuwa na kazi ya kumlisha tu. Alikaa na bakuli la uji mbele yake mpaka liishe, na mama alipokataa, yule naye alikataa kuondoka. Sisi watoto tulichukuliwa na jirani wa ng'ambo ya mto, tukalala kwake, tukala kwake, tukachapwa kwake tulipostahili. Huyo jirani hakuwa wa kabila letu. Kabila letu silitaji. Wasomaji wa Bunia watalikisia, na wengine halitawaongezea kitu. Wakati ule tofauti yetu ilikuwa katika lugha aliyomwimbia mtoto wake akimbembeleza, basi.

Nikieleza hivi, binti yangu huniangalia kama mtu anayesimulia habari za peponi. Mimi humkatiza pale pale, kwa sababu kulikuwa na upande wa pili, nao ulikaa chini ya mwembe.

Chini ya mwembe walikaa baba zangu wakubwa na wadogo, na daftari la shule. Ukurasa wa kwanza uliandikwa michango: nani ameleta mbuzi, nani ameleta nusu gunia la mahindi, nani amekuja mikono mitupu. Kurasa za nyuma ziliandikwa mambo mengine. Baiskeli iende kwa nani. Cherehani iende kwa nani. Na mama mwenyewe, aliyekuwa bado ananyweshwa uji ndani, arithiwe na nani. Hakuna aliyemwuliza. Walikata nywele zake, wakamfunga kamba ya msiba, wakamwambia kwa muda gani asisalimiane na watu kwa mkono. Mikono ile ile iliyombeba ndiyo iliyomshikilia asitoke. Jirani wa ng'ambo ndiye aliyesimama mlangoni siku ya kuondoa matanga, akawaambia wale wazee kwamba mjane bado ana machozi, warudi baada ya mavuno. Mavuno yakaja, cherehani ikabaki. Baiskeli ilikwenda.

Sheria ya Familia ya Agosti 1987 ilikuja muda si mrefu baadaye, na ndani yake mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe. Shari sikumbuki mtu aliyeisoma. Mimi niliisoma nikiwa mtu mzima, nikatafuta kwanza neno baiskeli, na sikuliona.

Halafu vikaja vita vya Ituri, jimbo letu. Agosti 2002 kundi la wanamgambo la UPC la Thomas Lubanga liliuteka mji wa Bunia, na kartie zake zikaanza kuchujwa kwa kabila, huyu abaki, huyu ahame. Septemba watu waliuawa Nyankunde, hata wagonjwa ndani ya hospitali. Mei 2003 jeshi la Uganda lililokuwa Bunia lilimaliza kuondoka, mji ukabaki kugombaniwa na wanamgambo, katikati yao kikosi kidogo cha Wauruguay wa Umoja wa Mataifa ambacho hakikuwa na nguvu ya kuwazuia. Tulikimbilia uwanja wa ndege kama maelfu ya wengine. Wafaransa wa Operesheni Artemis walipofika Juni, walitukuta tumeshajenga kitongoji cha turubai na matete, kina chefu wake, soko lake, na matanga yake.

Ndiyo, matanga. Habari ya kifo ilifika kambini karibu kila siku, na mara nyingi bila maiti. Mtu alikuja kutoka upande wa Djugu au Irumu, akasema, fulani tulimwacha njiani. Hapo turubai moja lilifunguliwa pande zote, wanawake wakaingia, kila mmoja na kikombe cha unga alichopunguza kwenye mgawo wake wa msaada. Hawakumjua marehemu. Wengine hawakumjua hata mfiwa. Walikuwa wamepanga foleni moja ya maji asubuhi ile. Lakini walikaa. Walilala chini wamemzunguka kama vile mama alivyozungukwa, na nilimwona mama mwenyewe, sasa mzee, ameshika bakuli mbele ya msichana asiyemjua, anakataa kuondoka. Ile ilikuwa mara ya mwisho kuiona desturi ikiwa nzima, na ilikuwa mahali ambapo hapakuwa na mwembe wala daftari. Hakuna aliyekuwa na baiskeli ya kurithiwa.

Jirani wetu wa ng'ambo hakuwa kambini. Alikuwa upande wake, kwa watu wake, na kwa miaka kadhaa ng'ambo ya mto ilikuwa mbali kuliko Kampala. Mama alipomwona tena ilikuwa soko kuu la Bunia, kwenye meza za samaki wa Tchomia. Nilikuwepo. Waliongea bei ya makayabu. Waliongea mvua. Jirani aliuliza kama cherehani bado inashona, mama akasema inashona, sindano ndiyo tatizo. Kisha kila mmoja akachukua pikipiki ya upande wake. Nilitaka waseme zaidi, lakini hayakuwa yangu kusema. Mama alipofariki, jirani hakuja. Alituma mbuzi kwa mkono wa mjukuu, na mjukuu hakukaa.

Sitaki kudanganya kwamba kila kizuri kilikuwa cha zamani. Kuna misiba ambayo ule mzunguko wa mikeka haukuweza kuibeba. Wanawake waliobakwa wakati wa vita hawakuweza kulizungumza jambo hilo mbele ya wanawake ishirini, kwa sababu wanawake ishirini wana waume ishirini, na kesho yake habari iko chini ya mwembe. Wapo waliorudishwa kwao na waume zao kwa kosa la kusema. Kwa hao, kilichosaidia ni mlango unaofungwa. Shirika la SOFEPADI, lililoanzishwa Bunia mwaka 2000 na Julienne Lusenge na wenzake, lilikuja kufungua kituo cha Karibuni wa Mama, ambako mwanamke anatibiwa na kusikilizwa na mtu ambaye si shangazi yake wala mkwe wake. Wazee wetu walicheka wazo la kulipwa mshahara kwa ajili ya kusikiliza. Mimi sikucheka. Nimemsindikiza mtu pale, nikakaa nje kwenye benchi, na nilijua kwamba kukaa nje ndiyo kazi yangu siku ile.

Mume wangu alifariki Juni 2020, kwa presha. Miezi mitatu kabla, tarehe 18 Machi, Rais Tshisekedi alikuwa ametangaza hatua dhidi ya korona, na mojawapo ilikataza matanga, yawe ukumbini au nyumbani. Maiti itoke chumba cha maiti moja kwa moja mpaka kaburini, na wasindikizaji wachache. Nakiri tulikuwa tumeizoea hofu ya namna hiyo. Ebola ilikuwa inamalizika, tamko la mwisho wake lilitoka mwezi ule ule wa Juni, na kwa karibu miaka miwili tulikuwa tumenawa mikono kwa klorini kwenye kila kizuizi na kila mlango wa kanisa. Lakini kuzika mtu asubuhi na kurudi nyumbani kabla ya saa sita, ukavua viatu, ukakuta ufagio uko pale ulipouacha, hilo sikuwa nimelizoea.

Simu haikunyamaza. Airtel Money ililia mchana kutwa: kutoka Goma, Kisangani, Kampala, mmoja Ubelgiji. Kikundi cha WhatsApp cha familia kilijaa mikono iliyoshikana ya kuomba, safu kwa safu. Walikuwa wakarimu, tena kuliko wale wa daftari. Fedha ile ililipa jeneza na karo. Usiku nilipika mwenyewe, nikala mwenyewe, na nilipoacha chakula hakuna aliyeniuliza. Upande wa pili, shemeji zangu wa Aru hawakuweza kusafiri. Hakuna aliyekaa chini ya mti wowote. Walipopata nafasi ya kuja, miezi ilikuwa imepita, nilikuwa nimeshatengeneza karatasi za nyumba, na niliwakaribisha chai wakiwa wageni wangu. Nilipata amani ambayo mama hakuipata, na nikakosa mtu wa kunishikia bakuli. Mpaka leo sijui ningechagua nini kama ningeulizwa.

Marufuku ilipoondolewa, matanga yalirudi, ila hayakurudi uani. Yalirudi na viti vya plastiki vya kukodi, fulana zenye picha ya marehemu, mpiga video anayemwomba mjane ageuze uso kwenye mwanga, na kamati yenye mtunza fedha. Fulana hugawiwa kwanza kwa waliochanga. Nimewahi kukaa kwenye kilio bila fulana, na niwaambie ukweli, mtu huona baridi. Kuni hakuna, kwa sababu hakuna anayekesha. Tangu Mei 2021 Ituri iko chini ya gavana wa kijeshi, usiku una wenyewe, na jioni ikikaribia kila mtu anatazama saa na kutafuta pikipiki. Kwa hiyo siku moja inatosha. Binti yangu, anayefanya kazi na kulea, anaona hata hiyo moja ni ndefu, na hoja zake ni nzuri: zile siku za zamani nani alikuwa anapika? Wanawake. Nani alikuwa anapoteza shamba la msimu? Wanawake. Simjibu haraka.

Kinachonipa moyo kidogo, kwa mshangao wangu, ni sanduku la bati. Vurugu za Djugu zilizoanza tena Desemba 2017 zilileta familia nyingi Bunia; baadhi wako kambi ya Kigonze tangu 2019, wengine wamepanga vyumba huku kwetu au wamekaa kwa ndugu. Shirika moja lilitufundisha kuunda AVEC, kikundi cha akiba na mikopo, wenyeji na wakimbizi wa ndani pamoja. Sanduku lina kufuli tatu na funguo tatu, kwa watu watatu tofauti, ili asiwepo mwenye kulifungua peke yake. Kila juma tunanunua hisa, na pembeni kila mmoja anatia kiasi kidogo kwenye mfuko wa kijamii: kifo, uzazi, ugonjwa. Shirika lilikuwa pia na msikilizaji aliyekuja mara mbili kwa mwezi. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake, miradi mingi ya namna hiyo mashariki mwa Kongo ilifungwa au kupunguzwa, na msikilizaji wetu alituaga kwa adabu, akarudisha kitambulisho chake. Sanduku lilibaki, kwa kuwa fedha zilizomo ni zetu.

Wahema wamo kikundini, Walendu wamo, Wabira, Waalur. Hatupendani sana. Tunahesabu mbele ya kila mtu, kwa sauti, na anayechelewa analipa faini. Mwanamke mmoja wa Djugu aliniambia kwamba hesabu ile ya sauti ndiyo inayomfanya aweze kukaa karibu na sisi, wimbo usingetosha.

Sasa tuna ugomvi. Mwenzetu mmoja, kijana bado, mumewe alikwenda machimbo ya dhahabu upande wa Mongbwalu na hajarudi. Hajafa; anaonekana, ana mke mwingine kule, na simu hapokei. Mwenzetu ana watoto na kodi ya chumba. Aliomba mfuko wa kijamii. Katibu akafungua kanuni: kifo, uzazi, ugonjwa. Kuachwa hakumo. Wazee wa kikundi wakasema zamani angerudi kwa baba yake na mambo yangekwisha; akajibu kwamba kwa baba yake ni Djugu, na nyumba ilichomwa. Mmoja akapendekeza tuandike ni ugonjwa. Mwenyewe akakataa, akasema yeye si mgonjwa, ana deni la kodi.

Siku ile hatukuafikiana. Sanduku lilifungwa kwa funguo zote tatu, kisha tukachanga nje ya sanduku, juu ya kitenge, kila mtu alichokuwa nacho, na katibu hakuandika majina kwa sababu kanuni haisemi ayaandike. Nilimpelekea jioni kabla ya giza. Nilikaa mpaka watoto wakala, naye nikamwambia ale, akasema atakula baadaye, nikasema nitangoja, akasema mama, pikipiki zitaisha. Zilikuwa zinaisha kweli. Mkutano ujao utajadili kama neno la nne liongezwe kwenye kanuni. Mimi nitapiga kura ya ndiyo, ila nimeambiwa na mwenye ufunguo wa pili kwamba tukianza na walioachwa, wiki inayofuata watakuja waliofukuzwa kazi, na mfuko hauna ukubwa huo.