Mashini, mtoto na sauti niliyoifuta

Kwa kawaida hapa ninaandika habari za wengine. Leo ninaandika yangu. Watu kadhaa wameniuliza kwa nini siku hizi ninatembea na begi zito mgongoni, na kwa nini kila ninapomrekodi mtu anayetafuta mtoto wake, ninamwomba anitajie jina la nyumbani la yule mtoto, si lile la karatasi tu. Jibu ni refu kidogo, mnivumilie.

Mimi ni wa Himbi. Wanaoijua kartie yetu wanajua ni kartie ya wanafunzi. Kutoka Alanine mpaka upande wa ziwa, kila baada ya nyumba chache kuna kibanda cha sekretaria, wanachapa, wanatoa kopi, wanafunga kazi za mwisho wa masomo. Mwanafunzi asiye na kompyuta anaishi kwa vibanda hivyo. Nami niliishi hivyo, nikiwa na miaka thelathini na tatu na mtoto wa miezi miwili mgongoni.

Shule ya sekondari niliimaliza zamani, nikaingia radio kama wengi wetu, kwa kupenda kazi na kwa kuwafuata walionitangulia. Miaka saba niliripoti bila kuisomea kazi hiyo popote. Mwaka 2022 nikapata nafasi katika mafunzo ya uandishi wa habari, ya jioni, na bei ilikuwa imepunguzwa kwa sisi wa radio za jamii. Mtoto alizaliwa mwishoni mwa mwezi wa nane. Masomo yakaanza mwezi wa kumi. Mama mkwe aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, hayo masomo hayawezi kungoja mtoto akae kwanza?" Sikuwa na jibu zuri. Nilijua tu kwamba mwaka unaofuata hakuna aliyeniahidi ile bei.

Basi siku zangu zikawa hivi. Asubuhi radio. Mchana kutafuta habari. Saa tisa darasani mpaka saa kumi na mbili. Mume wangu ni mwashi. Siku ambazo hakuwa na chantie alimleta mtoto mpaka kwenye geti wakati wa mapumziko, nikamnyonyesha nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa ya mlinzi, nikarudi ndani. Siku ambazo alikuwa na chantie, maziwa yalinivuja kwenye blauzi katikati ya somo la maadili, nikavuta kikwembe juu na kuendelea kuandika. Wanaume wa darasa letu walijifanya hawaoni, nami niliwashukuru kwa hilo.

Mwalimu alitaka kila kazi iwe imechapwa. Kurasa sita kwenye sekretaria, kwa franka mia tano kila ukurasa wakati ule, zilikuwa franka elfu tatu. Kwa nyumba yetu hizo zilikuwa sambaza na unga wa siku moja. Na anayechapa hajui ulichotaka kusema. Anakosea majina, unalipa tena ili arekebishe. Nikaanza kuchapa kwenye simu usiku, kwa kidole gumba, mtoto akiwa kwenye ziwa. Simu hiyohiyo ndiyo iliyorekodi mahojiano, ndiyo iliyopokea vitabu vya darasani, ndiyo iliyobeba picha za mtoto. Ilikuwa simu ndogo. Mtaona tatizo linatoka wapi.

Mwezi wa kumi na moja 2022, vita vilipofika Kibumba, watu waliteremka kwa barabara ya Rutshuru na kujaa Kanyaruchinya. Mliokuwepo hamhitaji kuelezwa. Watu walilala katika madarasa, makanisani, na wengi nje kabisa, juu ya mawe ya lava, mvua ikinyesha. Nilipanda huko na moto mara tatu katika wiki moja. Siku ya pili mama mmoja alinishika mkono. Alikuwa amempoteza mtoto wake wa miaka minne barabarani, usiku, katika msukumano. Nilimrekodi dakika tano na kitu. Aliongea Kinyarwanda cha kwao, akasema jina la mtoto, akasema na lile jina la utani wanalomwita nyumbani, akaeleza koti alilovaa na kovu la moto kwenye mguu. Katika daftari niliandika jina la mama, kijiji, jina la mtoto la karatasi, na namba ya simu ya jirani yake. Mengine nikayaacha kwenye sauti. Nilijiambia, sauti si ipo?

Tangazo lilirushwa mara tatu. Kompyuta ya studio ni moja, nzee, kila mwisho wa wiki inafutwa ili ipate pumzi. Halafu ikafika jioni moja, mwalimu anagawa vitabu vya mtihani, simu yangu inakataa, imejaa. Wenzangu wamesimama wanangoja zamu. Nilitazama picha za mtoto wangu, sikuweza kuzigusa. Nikafungua sauti, nikachagua zote za mwezi wa kumi na moja, nikafuta. Haikuchukua hata nusu dakika. Hakuna aliyenilazimisha.

Siku kama kumi baadaye, familia moja ya Mugunga ilipiga simu radio. Walikuwa na mtoto mdogo waliyemwokota barabarani. Hajui jina la baba wala la kijiji. Anajua jina moja tu, lile analoitwa nyumbani. Waliwahi kusikia tangazo letu nusu, wakakumbuka kovu la mguu. Waliomba kitu kidogo sana: tutume ile sauti ya mama, wamsikilizishe mtoto, waone atafanya nini.

Nilimwambia mkuu wangu kwamba nitaitafuta. Nilikwenda nje, nikakaa.

Namba ya jirani haikupatikana. Lile jina la utani, ambalo lingemaliza kila kitu kwa dakika moja, halikuwa kwenye daftari, na kichwani mwangu halikubaki. Nikapanda Kanyaruchinya. Mama hakuwa tena pale nilipomkuta. Watu walikuwa wamehamishwa huku na huku kufuatana na mabache. Na wakati ule kipindupindu kilikuwa kimeanza huko. Kila niliporudi nyumbani nilivua viatu mlangoni, nikanawa kwa maji ya klori hadi viwiko, nikabadilisha nguo zote, na bado niliogopa kumpa mtoto ziwa. Siku ya kwanza sikumpata. Siku ya pili nilikuwa na mtihani. Siku ya tatu mtoto wangu alikuwa na homa. Sisemi haya kujitetea, nahesabu tu siku.

Aliyemwona mwishowe ni kijana mmoja wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu, mwenye kipaza sauti na orodha ya wazazi wanaotafuta watoto. Mama na mtoto walikutana siku ya tisa tangu ile simu ya Mugunga. Mimi sikuwepo, nilikuwa darasani. Niliambiwa kwa simu. Siku tisa mtoto wa miaka minne alilala bila mama wakati mama yuko umbali wa safari moja ya moto.

Baadaye nilikwenda kumsalimia. Hakujua lolote kuhusu kufuta. Alinikaribisha vizuri, akaniuliza kama ningeweza kumsikilizisha ile sauti yake, maana hakuwa na radio na hakuwahi kujisikia. Nikamwambia ukweli. Alinyamaza. Mtoto alikuwa amemshika sketi, hamwachii. Kisha akasema, "Basi nirekodi tena, muandishi." Nikamrekodi tena. Humo ndani mtoto anasikika akiomba maji.

Jioni ile nilimwambia mume wangu kwamba ninataka mashini. Hapa kwetu ndivyo tunavyoiita kompyuta ya kubeba. Alidhani ni kwa ajili ya masomo. Nikamweleza ya sauti, akaacha kula.

Mwenzangu mmoja wa kazi alinipa ushauri wa haraka: nenda kwenye semina, kila semina ina bahasha ya usafiri, baada ya miezi miwili mashini unayo. Sitaficha, nilikwenda mbili. Nilipata dola ishirini kwa jumla, zikaishia kwenye mafuta ya kula na nepi. Lakini ripoti yangu ya semina ya pili, niliposikiliza jioni ikipita hewani, haikuwa na swali hata moja ndani yake. Ilikuwa kama nimeajiriwa na walioandaa. Sikwenda ya tatu.

Ikabaki likirimba. Tuko wanawake kumi na watano kwenye avenyu yetu, kila mwezi kila mmoja anatoa dola kumi, anayefikiwa na zamu anaondoka na mia na hamsini. Zamu yangu ilikuwa mwezi wa sita 2023. Nilimwomba jirani yangu wa mwezi wa tatu tubadilishane. Alikubali, kwa sharti la kikwembe kimoja, kile kizuri nilichopewa na mama mkwe mtoto alipozaliwa. Nilikitoa. Mama mkwe alikiona Jumapili moja kimevaliwa na mwingine njiani kutoka kanisani. Alikitazama mpaka kikapinda kona. Hajanisemea mpaka leo, na ndiyo sababu ninaona aibu zaidi.

Pesa nilizipata Jumamosi. Jumatatu usiku mtoto alichemka. Malaria, siku mbili kwenye kituo cha afya, dola arobaini na tano pamoja na dawa. Nilipokuwa nimekaa pale kwenye kitanda cha chuma, mtoto ana sindano mkononi, nilizihesabu zilizobaki mara tatu hivi, mia na tano, kama vile zitaongezeka nikizihesabu. Muuguzi aliniona. Akasema, "Mama, pesa inarudi." Kwake ni rahisi kusema, lakini ilinisaidia.

Kwa dola mia na tano hukupata mashini mpya Goma wakati ule. Ulipata okazio, zile zilizokwisha kutumiwa mahali pengine. Mwuzaji aliniwashia, ikafunguka vizuri, ikapiga hadi muziki. Akaapa betri ni nzima. Nikalipa tisini na tano. Nyumbani nikaichomoa kwenye umeme, ikazima baada ya dakika kumi. Nilirudi kesho yake, akaniambia kitu kilichouzwa hakirudi. Kwa hiyo wanafunzi mnaonisoma: mkinunua okazio, ichomoeni kwenye umeme palepale dukani, mkae nayo saa nzima, mkipiga soga. Akikataa, ondokeni. Jaribuni kila herufi, kila tundu la kuchomeka. Na msiende peke yenu siku ambayo mtoto ametoka hospitalini, kichwa hakipo.

Basi mashini yangu inafanya kazi ikiwa imechomekwa tu. Umeme ukikatika, kazi ambayo haijahifadhiwa imekwenda. Nilijifunza kuhifadhi kila baada ya sentensi mbili, kama mtu anayepepesa macho. Saa zangu zikawa zile za mtoto: akiamka saa tisa usiku kunyonya, nami ninawasha. Yeye upande wa kushoto, mkono wa kulia unachapa. Kazi ya mwisho ya mafunzo niliiandika hivyo, yote, na nimepita. Sikuwa wa kwanza, wala sikuwa karibu na wa kwanza.

Mwezi wa saba mtoto aling'oa herufi A. Wanaoandika Kiswahili mnajua maana yake. Sasa ninabonyeza kile kipira kidogo kilichobaki, na kidole kimezoea.

Ndani ya mashini kuna jalada moja ninalolijali kuliko yote. Kila sauti ina tarehe, mahali, jina la anayeongea na kijiji chake, na pembeni kuna karatasi iliyochapwa: mtoto anaitwa nani nyumbani, amevaa nini, ana alama gani, ni nani mkuu wa kijiji chao. Ya kwanza ni ile ya yule mama, ile ya pili. Nakala ya yote iko kwenye fulashi ambayo haikai nyumbani kwangu, maana Himbi nako wezi wapo.

Mwezi wa kumi 2023 watu walitoka tena Masisi, na matangazo yaliongezeka. Mkija kurekodiwa, njooni na mtu mwingine anayemjua mtoto, na namba mbili za simu, si moja. Mkihama kutoka mahali pamoja kwenda pengine, tumeni mtu atuambie. Kuandikisha mtoto aliyepotea kwa Msalaba Mwekundu hakulipiwi, na tangazo kwetu halilipiwi. Yeyote anayewaomba pesa kwa hilo, niambieni. Na kama ulirekodiwa nami Kanyaruchinya mwezi wa kumi na moja 2022 na bado unamtafuta mtu wako, sauti yako sinayo. Njoo tuanze upya.