Mali ya Yatima na Chai ya Mlezi



Katika mwezi wa Shaaban uliopita nilialikwa kwa mara ya pili kusomesha katika misikiti ya Migori na Homa Bay. Wengi wetu huku pwani hudhani kwamba ukishaipita Narok, adhana imekwisha. Sivyo. Migori mjini wako Waislamu wa kabila mbalimbali, na Kendu Bay, kando ya ziwa, wako waliozaliwa katika dini tangu enzi za babu zao.

Habari ninayoieleza leo mzizi wake ni safari yangu ya kwanza, miaka miwili kabla ya hii. Niliombwa nizungumzie mayatima, nami nikaona ombi hilo lina maana. Kaunti hizo mbili ni miongoni mwa zilizoathirika zaidi na ukimwi katika Kenya, na si ajabu kuingia nyumba ukamkuta bibi na wajukuu, kizazi cha katikati hakipo. Nikaichukua aya ya kumi ya Suratun Nisaa, ile inayowaonya wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma kwamba wanakula moto matumboni mwao, nikaifasiri kwa sauti yangu ya mimbarini. Nyuma ya pazia nilisikia wanawake wakilia. Nakiri mbele yenu kwamba nilifurahi. Nilidhani mawaidha yamefika.

Safari hii, baada ya swala ya laasiri, mama mmoja mtu mzima aliomba kuniona. Alikuja na msichana wa miaka kumi na mitatu hivi, aliyekuwa akimwita Dani, yaani bibi kwa Kijaluo. Msichana alishika daftari la shule.

"Sheikh, nimekuja na deni," mama akasema.

"Deni la nani, mama?"

"La hawa watoto. Niliwala kabla hujatufundisha."

Daftari likafunguliwa. Kwa mwandiko safi wa kitoto yaliandikwa yote aliyoweza kuyakumbuka: sukari, leso moja, nauli ya hospitali, vidonge vya presha, sukari tena. Jumla shilingi 3,140. Alikuwa akilea wajukuu watano, watoto wa mwanawe marehemu, na kila mwezi serikali humwekea shilingi 2,000. Tangu darsa yangu hakugusa hata senti moja ya fedha hizo kwa haja yake. Chai aliinywa kavu. Vidonge alivinunua mwezi aliojaliwa kufua nguo za watu; mwezi asiojaliwa, aliviacha. Alitaka nimwelekeze namna ya kulimaliza deni kabla hajafa.

Sikumjibu papo hapo. Niliomba maji.

Fedha hizo zina historia, na sisi wa pwani tumo ndani yake. Mpango wa serikali wa kuzisaidia nyumba zenye mayatima ulianza kwa majaribio mwaka 2004, katika sehemu chache tu, Kwale yetu ikiwamo. Baadaye ukafika Homa Bay, Migori na kwingineko, mpaka ukaenea nchi nzima, na leo umo chini ya jina la Inua Jamii. Kiasi kilikuwa shilingi 1,500 kwa mwezi, kikapandishwa hadi 2,000, na hutolewa kwa nyumba, si kwa kichwa: mwenye yatima mmoja na mwenye watano hupata sawa. Anayepokea kwa jina lake ni mlezi, na mlezi mara nyingi ni mwanamke. Mpango umeleta kheri, ikiwamo kuwafikisha watoto wengi zaidi shule za sekondari. Ila katika hesabu zake mlezi ni mkono wa kupitishia fedha. Kwamba mkono huo nao ni wa mtu anayechoka na kuugua, hilo halikupangiwa fungu.

Mama huyu zamani alikuwa mchuuzi wa omena. Alikuwa akipanda gari alfajiri kupitia Rongo mpaka Homa Bay, akanunue kwa wanawake wanaoanika ufuoni, arudi auze sokoni Migori. Alipoletewa mjukuu wa mwisho, angali ananyonya, biashara ikafa. Ami za watoto wapo wawili. Huja Idi, wakawapapasa watoto vichwani, wakaenda zao.

Basi nilimjibu nini? Nilimwambia kwanza kwamba fedha hizi si urithi wa watoto kutoka kwa baba yao. Zimetolewa kwa nyumba, naye ni mtu wa nyumba hiyo. Na hata zingekuwa mali ya mayatima hasa, ipo aya ya sita ya sura ileile, aya nne tu kabla ya ile niliyowalizia watu, inayomtaka mlezi tajiri ajizuie na kumruhusu mlezi fukara ale kwa wema. Wanazuoni wamezungumza: wako waliosema anachokula ni mkopo, atalipa akipata, na wako waliosema ni ujira wa kazi yake. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mlezi huyo fukara huchukua kilicho kidogo baina ya viwili, ujira wa mfano wa kazi yake au haja yake. Ujira wa mfano! Nilikaa nikajaribu kuukokotoa. Mtumishi wa nyumbani hapa Mombasa, kwa watoto watano, usiku na mchana, kufua, kupika, kuuguza, hakubali mara tatu ya hizo 2,000. Dini iliyoamuru katika Suratut Talaq kwamba mama aliyeachwa akimnyonyesha mtoto alipwe ujira wake na baba, haikushindwa kuona kwamba malezi ni kazi. Tulioshindwa ni sisi tunaoisomesha.

"Huna deni, mama," nikamwambia. "Nunua vidonge. Tia sukari."

Akanitazama kitambo. "Basi mbona siku ile hukuisema hiyo aya nyingine?"

Hakusema kwa ukali. Msichana alikuwa ameinama, akifuta jumla kwa kifutio. Jibu sikuwa nalo, nikamwomba radhi, naye akacheka kidogo, akasema sheikh naye ni mtu.

Usiku ndani ya basi la kurudi, usingizi haukunijia. Nilikuwa nikimfikiria dada yangu. Mama yetu ni mgonjwa wa kitandani mwaka wa sita sasa. Sisi wanaume watatu hutuma fedha kila mwezi, na tunaziita "za mama". Mwisho wa mwezi dada hututumia hesabu kwa simu, maana tulimwambia ni amana: nepi kiasi hiki, maziwa kiasi hiki, daktari kiasi hiki. Mimi ndiye niliyemfundisha kuandika hesabu hiyo. Alikuwa na cherehani na wateja wake Likoni. Aliifunga mwaka wa kwanza. Takwimu za serikali zinasema wanawake wa Kenya hutumia takriban mara tano ya muda wa wanaume katika kazi za nyumbani na ulezi zisizolipwa. Nilipoisoma tarakimu hiyo niliiona ni ya watu wengine.

Nilipofika nyumbani nilizipitia zile hesabu zote kwenye simu, tangu mwanzo. Hakuna mahali palipoandikwa jina lake. Si nauli, si leso, si dawa ya goti linalomuuma.

Nilimwuliza kuhusu goti. Akasema, "Kaka, leo umekumbuka nini?" akaendelea kumgeuza mama ubavu wa pili.

Niliwaandikia ndugu zangu kwamba kuanzia mwezi huu kuwe na fungu la dada peke yake, lisilotolewa hesabu. Mmoja amekubali. Wa pili, aliyeko Dubai, aliuliza tangu lini mtu akalipwa kumtunza mamake mzazi. Nimemjibu kwa kirefu, na aya zote mbili nimemwekea. Ameusoma ujumbe, bado nangoja.