Dakota na Njia ya Pwani

Katika siku za mwanzo za kushughulika kwangu na urubani wa kompyuta, ambao wengi huuhesabu kuwa ni mchezo wa watoto ilhali mimi nimeuona kuwa ni elimu yenye adabu zake, ndege niliyoichagua daima ilikuwa ile iliyozishinda nyingine kwa ukubwa na kwa mwendo, kwani shauku yangu yote ilikuwa katika kufika. Nikiondoka Mombasa kwa jeti kwenda Unguja, masafa ya kiasi cha maili 130 za baharini, nilikuwa hata sijatulia angani ikanilazimu kuanza kushuka. Na Wasini, na Vanga, na mlango wa mto Pangani, vyote vikapita chini ya mawingu nisivione.

Badiliko lilikuja na programu ya Microsoft iliyotolewa mwaka 2003, ilipotimia karne moja tangu ndugu wawili Wright waruke, ambayo ndani yake zilitiwa ndege kadhaa za kale, na miongoni mwake Douglas DC-3, ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la Dakota. Jina hilo nilikuwa nikilisikia tangu utotoni kwa marehemu mjomba wangu, aliyepata kusafiri nayo kutoka Unguja kwenda Tanga, na ambaye katika masimulizi yake hakutaja kamwe mwendo wake, bali dirisha lake la pembe nne, na jinsi eropleni ilipokuwa ikishuka alivyoziona ngalawa za wavuvi, hata akaweza kulitambua tanga lililotiwa kiraka.

Basi nikaichagua Dakota kwa ajili ya mjomba, kisha nikabaki nayo kwa ajili yake yenyewe. Ndege hii, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935, ina injini mbili, kila moja ya nguvu za farasi 1,200, na ikiwa chini hukaa juu ya gurudumu la mkiani, pua yake ikielekea mbinguni, hivyo rubani haoni kilicho mbele yake ila kwa kuiendesha kwa kupindapinda, mara kushoto mara kulia, mpaka afike penye kichwa cha njia ya kurukia. Hapo hulifunga gurudumu la nyuma lisigeuke, akazisukuma nyenzo za injini taratibu, miguu yake ikiuzuia mkia usiyumbe. Na baada ya kitambo kidogo mkia huinuka wenyewe, pua ikashuka, na uwanja wote ukadhihiri mbele ya macho. Sijui raha katika urubani wote inayoishinda hiyo.

Fauka ya hayo, kwa kuwa ndani yake hewa haikandamizwi kama katika jeti, Dakota aghalabu huenda chini ya futi elfu kumi. Na mwenye kuirusha kutoka Nairobi kwenda Moshi hupita ubavuni mwa Kilimanjaro, mlima wa mita 5,895, akautazama kwa kuinua uso. Hiyo ndiyo heshima unayostahiki mlima ule.

Kadiri nilivyozidi kuipenda ndivyo nilivyozidi kusoma habari za East African Airways, shirika lililoanza kazi mwaka 1946 kwa ndege sita za aina ya Dragon Rapide, likatumia Dakota kwa miaka mingi, likafikia jeti za Comet na VC10, na hatimaye likavunjika mwaka 1977. Kwa muda nikaiacha Dakota nikaijaribu Rapide, iliyoundwa kwa mbao na kitambaa, yenye mabawa ya tabaka mbili, ambayo rubani wake hukaa peke yake puani, vioo vimemzunguka. Kwa pwani tupu ni ndege adhimu; ama kwa bara, kwenye viwanja vya Nairobi vilivyo juu ya futi elfu tano, injini zake za farasi mia mbili mbili hupanda kwa taabu, na mtu atakaye kuzuru nchi yote itamchosha.

Programu za zamani ziliichora pwani yetu kwa ukali, bahari ikawa rangi moja tu. Ile iliyotoka mwaka 2020 hutumia picha zilizopigwa kutoka angani, na mwaka 2022, ilipoadhimishwa miaka 40 ya programu hizo, Dakota ikarejeshwa. Nikaona kwa mara ya kwanza miamba ya Wasini na mikoko ya Vanga kutoka kwenye ndege iliyostahili kuonea. Tangu hapo sichagui ndege kabla ya njia: huuliza kwanza ni eropleni gani iliyowahudumia watu wa njia hiyo.

Na mwenye kutaka kuanza, ningemsihi aanze Kisauni, Unguja, aelekee Mombasa, wala asifanye kinyume chake. Aruke wakati wa kusi, ashike futi elfu mbili, avuke hadi Pangani kisha aandame ufuko. Rubani wa Dakota hukaa upande wa kushoto, na akienda kaskazini pwani yote humwia kushoto, upepo nao ukimsukuma kwa nyuma.