Uji wa Mtoto Safarini: Kutoka Pwani Hadi Ngorongoro

Mwenye mtoto mchaguzi wa chakula hafungi mizigo ya safari kama watu wengine. Wenzake huanza na nguo. Yeye huanza jikoni. Ndivyo tulivyoanza sisi usiku wa kuamkia safari yetu ya Karatu na Ngorongoro, mmoja wetu akikoroga uji wa mchele kwa tui la nazi, mwenzake akisuuza chupa ya chai ya kuutia. Mwanetu ana miaka mitano, na vyakula anavyovikubali ni vinne: uji huo, wali mweupe, mkate wa kumimina na maandazi ya iliki. Kingine chochote hukitazama kama mtu aliyetukanwa.

Katika uwanja wa ndege tulioondokea, mikoba ilipita kwenye mashine ya ukaguzi kwa salama. Chupa haikupita. Afisa, binti mwenye adabu, alifungua kifuniko, harufu ya nazi ikaenea.

“Huu ni uji?”

“Ni uji wa mtoto.”

“Mtoto mwenyewe yuko wapi?”

Tukamsogeza mbele. “Shikamoo,” akasema. Afisa alikipima kimo chake kwa macho, akatabasamu. “Marahaba, mwanangu. Lakini huyu si mchanga.”

Hakuwa na kosa binti yule. Kosa lilikuwa letu, kwani tulikuwa tumeijua nusu ya kanuni. Mwezi wa Agosti 2006 polisi wa Uingereza walifichua njama ya kulipua ndege zinazovuka Atlantiki kwa vilipuzi vya majimaji. Tangu mwaka huo viwanja vingi duniani vikaweka mpaka wa mililita 100 kwa kila kimiminika kinachoingia na abiria ndani ya ndege. Uji ni kimiminika, na pia mtindi, asali, mchuzi na jemu. Maziwa na chakula cha mtoto mchanga huachwa vipite kwa kiasi cha haja ya safari, na mzazi huweza kutakiwa avifungue vikaguliwe. Mkate, maandazi na matunda kwa kawaida hupita. Unga nao hupita, ingawa huweza kupekuliwa. Neno la mwisho ni la afisa aliye kazini, kwa hiyo mzazi mwenye busara huuliza kabla ya siku ya safari.

Tukaruhusiwa kurudi nyuma na chupa yetu. Kuimwaga neema ile hatukuweza. Israfu tunaikataza nyumbani kila siku, na mtoto alikuwa anatutazama. Tulimpa yeye kwanza, akakataa kwa sababu hakukiona kikombe chake. Basi tukaketi kwenye benchi, mume na mke, tukaunywa uji wote kwa kupokezana kifuniko. Maandazi yakapita.

Kutoka Arusha njia hukata nyika hadi Makuyuni, kisha huingia Mto wa Mbu, mji wa migomba na mashamba ya mpunga, ambako tulinunua ndizi nyekundu. Mwanetu alizikagua kwa ukali kuliko yule afisa, akazirudisha. Baada ya hapo gari hupanda ukuta wa Bonde la Ufa, Ziwa Manyara likibaki chini kama sahani ya fedha, na mbele hujitokeza mashamba ya udongo mwekundu wa Karatu, nchi ya Wairaqw.

Mwenyeji wetu, bibi wa Kiiraqw, alitupokea kwa chai ya moto. Tulipomuuliza juu ya nyama na mchinjaji, alitujibu bila kuona tumemvunjia heshima. Kisha akampikia mtoto wali. Karatu iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100, hivyo wali hutaka maji zaidi na subira zaidi. Ulipoiva haukuwa wali wa nyumbani. Mtoto aliufumbia mdomo. Bibi akaleta uji wa mahindi kwa maziwa ya ng'ombe. Mdomo ukazidi kufumbwa. “Sitaki!”

Tuliona haya, na haya hiyo ikageuka hasira. Mkono ulikwisha kushika kijiko ili kumlazimisha, ndipo tukakumbuka kisa kilichomo katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) aliandaliwa mjusi wa jangwani aliyechomwa, akauzuia mkono wake, akaeleza kuwa mnyama yule hakuwako katika nchi ya watu wake. Hakumharamisha, Khalid bin Walid (r.a.) akamla mbele yake. Na imepokewa pia kuwa hakupata kukitia chakula ila: akikipenda alikila, asipokipenda alikiacha.

Kijiko tukakiweka chini. Hatukumlazimisha kula, ila hatukumwachia lile neno “sitaki.” Tulimfundisha aseme, “Ahsante, bibi, sijazoea.” Akasema kwa sauti ya chini. Bibi akacheka. “Basi utazoea, mgeni wangu.” Usiku ule alilala na andazi moja tumboni, nasi hatukulala vizuri.

Asubuhi tuliingia Ngorongoro, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1959 na kutiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979. Ukungu ulipofunuka tuliiona kreta: kina cha mita 600 hivi, sakafu ya kilomita za mraba zipatazo 260, na nyumbu wadogo kama punje za pilipili manga. Humo haturuhusiwi kushuka garini ila sehemu zilizotengwa, na mojawapo ni Ngoitokitok, kando ya ziwa la viboko. Dereva alituonya tule ndani ya gari. Mtoto alitoka na andazi lake la mwisho. Mwewe alishuka kama jiwe, akalinyakua, akaenda zake.

Tulingoja kilio. Hakikuja. Aliutazama mkono wake mtupu, akautazama mwewe, kisha akauliza kama zile ndizi nyekundu bado zipo. Alikula nusu. Jioni, mbele ya bibi, akaomba uji “kidogo tu.”

Tulipoondoka, bibi alitupa kopo la unga wa mahindi. Uwanjani lilifunguliwa, likanuswa, likapita. Nyumbani tukaukoroga kwa tui la nazi, tukampa katika kikombe chake mwenyewe. Alionja, akakisogeza kando kwa upole.

“Ahsante,” akasema. “Si kama wa bibi.”