‘Mwalimu alikuwa na miaka 12, mimi nilikuwa na saba’

Buti zilikuwa mpya kabisa. Baba huyo, fundi umeme wa Musoma, alizinunua wiki hiyo hiyo kwa ajili ya safari, na Ijumaa usiku akazipanga sebuleni karibu na mlango. Mwanawe wa miaka 10, mwanafunzi wa darasa la nne, alikuwa na raba zake za siku zote, moja imetoboka kwenye dole gumba.

Fundi aliziangalia raba zile, kisha akasema maneno ambayo watoto wengi wa Mara wameshayasikia: “Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwisenge kila siku kwenda shule. Wewe una raba. Kesho nisisikie mtu analalamika.”

Mtoto aliitikia “Ndiyo, baba” na kwenda kulala.

Safari yenyewe lilikuwa wazo la marafiki wanne waliosoma sekondari pamoja mjini Musoma, ambao siku hizi hukutana zaidi misibani: fundi huyo, mwalimu wa historia, muuguzi wa kiume, na dada mmoja mwenye duka la vitenge Bunda. Oktoba 1967, miezi minane baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere, akiwa rais na mwenye miaka 45, aliondoka nyumbani kwake Butiama akatembea kwa miguu hadi Mwanza kuliunga mkono azimio hilo. Ni zaidi ya kilomita 200. Marafiki hao walikubaliana kuifuata njia hiyo vipande vipande, siku moja kwa kila kipande, pamoja na watoto wao, hata kama kufika Mwanza kutawachukua miaka. Kipande cha kwanza kilikuwa Mwitongo hadi Kiabakari, kwenye barabara kuu ya kwenda Bunda na Mwanza.

Wakaichagua Jumamosi ya Oktoba 12, 2024, siku mbili kabla ya kumbukumbu ya miaka 25 ya kifo cha Mwalimu. Mke wa fundi hakuipenda tarehe hiyo. Mtoto alikuwa anakaribia mtihani wa taifa wa darasa la nne. Lakini fundi alikuwa na hesabu yake. Januari mtoto angeingia darasa la tano na kurudi shule ya bweni. Alitaka kwanza amkomaze.

Hapo kuna habari ya nyuma. Mtoto huyo alipelekwa bweni akiwa na miaka saba, darasa la kwanza. Wala si kwamba wazazi wake walikuwa na roho mbaya. Baba alikuwa akizunguka kwenye majengo ya watu, wiki nzima Tarime, wiki nyingine Mugumu. Mama alikuwa akifuata bidhaa Sirari na kurudi usiku. Wasichana wa kazi watatu walikuwa wameondoka ndani ya mwaka mmoja. Shule ilikuwa na uzio, basi, chakula na matokeo mazuri, na kuilipia kulionekana kuwa ndiyo kumpenda mtoto. Kisha Machi 2023 Kamishna wa Elimu akatoa waraka wa kusitisha bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na kuliacha kuanzia darasa la tano. Mtoto akarudi nyumbani na tranka lake. Fundi aliuona waraka ule kama usumbufu wa muda. Alihesabu miezi mpaka darasa la tano, na Septemba akalipia fomu.

Saa moja asubuhi watu tisa walishuka Mwitongo, wakubwa wanne na watoto watano. Kwa Kizanaki jina hilo lina maana ya mahame, mahali palipowahi kuwa na makazi ya watu. Ni mahali pa mawe makubwa yaliyobebana, na pimbi wamelala juu yake wakiota jua kana kwamba wao ndio wenye kaya. Walipita kwenye kaburi la Mwalimu, watoto wakanyamaza wenyewe bila kuambiwa, kisha wakaoneshwa upande ulipo msitu wa Muhunda, ambao Wazanaki wanauheshimu tangu zamani na haukatwi ovyo.

Ni hapo fundi aliporudia hadithi yake ya Mwisenge, safari hii kwa watoto wote watano. Mwalimu wa historia akacheka.

“Kila siku? Bwana wewe, kutoka hapa mpaka Musoma ni zaidi ya kilomita 40. Angefika saa ngapi, na angerudi saa ngapi? Mwisenge alikuwa analala hukohuko shuleni. Njia hiyo aliitembea wakati wa kwenda na wakati wa likizo.”

“Hata hivyo alitembea,” fundi alijibu.

“Alitembea, sikatai.”

Mtoto wake alikuwa amesimama karibu, akisikiliza.

Mwendo wa asubuhi ulikuwa mzuri. Njia ilipita kwenye mashamba ya muhogo na mtama, ng'ombe wakipishana nao, na kila mzee waliyekutana naye alitaka kujua wanakwenda wapi na gari lao limeharibikia wapi. Mmoja alimwambia muuguzi, “Mura, kama ni nauli si mngesema,” na watoto wakaibeba kauli hiyo njia nzima. Dada wa vitenge alikuwa na mfuko wa michembe na karanga ambao haukuisha. Walipumzika kwenye kivuli kila baada ya saa moja. Watoto walikuwa mbele muda wote.

Saa nne buti zikaanza kazi yake. Kwanza kisigino cha kulia, kisha cha kushoto. Fundi hakusema kitu, maana maneno ya jana usiku alikuwa bado anayakumbuka. Alitembea akikanyagia pembeni ya wayo, akabaki nyuma mita 20, kisha mita 100, kisha wenzake wakawa hawaonekani kwenye kona. Mwishowe akakaa chini ya mti na kuvua. Malengelenge mawili, moja limeshapasuka na kuloanisha soksi.

Alipoinua macho, mwanawe alikuwa amerudi, na plasta mkononi. Alikuwa amemwomba muuguzi.

“Mjomba amesema usiipasue hiyo nyingine. Wao watatusubiri Kiabakari.”

Mtoto akakaa. Akamtazama baba yake akihangaika na plasta, kisha akaichukua na kuibandika yeye mwenyewe, taratibu, kama mtu aliyezoea kujihudumia. Wakatoa michembe. Wakawa wameegemea mti, wote wanatazama barabara, hakuna anayemtazama mwenzake.

“Baba, Mwalimu alienda Mwisenge akiwa na miaka mingapi?”

“Kumi na miwili. Mwaka 1934.” Fundi alifurahi kuulizwa. Akaongeza kwamba Mwalimu alichunga mbuzi, na kwamba masomo ya miaka minne aliyamaliza kwa mitatu.

“Kabla ya hapo alikuwa anakaa wapi?”

“Si hapahapa Butiama. Kwa mama yake.”

Mtoto akatafuna kidogo.

“Mimi nilikuwa na saba.”

Hakuisema kwa hasira. Fundi amesimulia baadaye kwamba angekuwa na hasira ingekuwa rahisi, maana mtoto mwenye hasira unajua namna ya kumjibu. Hili lilisemwa kama mtoto anayesahihisha hesabu ubaoni. Akanyamaza, na kwa bahati nzuri baba naye akanyamaza. Kwa kawaida hapo ndipo mzazi hujibu haraka: ada, hali ya maisha, wenzako wanatamani. Lakini kisigino kilikuwa kinauma na hakuwa na pumzi ya hotuba.

Baada ya muda mtoto akaendelea. Alisema bwenini alikuwa akikojoa kitandani. Nyumbani alikuwa ameacha tangu akiwa na miaka minne, kule kukarudi. Wenzake walikuwa wakicheka, na mmoja alimpa jina ambalo hakutaka kulitaja hata pale chini ya mti. Kwa hiyo alijifunza kuamka saa kumi alfajiri, kabla ya kengele, kulifua shuka bombani gizani na kulianika nyuma ya choo. Matroni hakujua. Alikuwa na watoto wengi.

“Shuka zilipochanika ulinigombeza,” alisema. “Ulisema sijui thamani ya pesa.”

Fundi aliikumbuka siku hiyo, ilikuwa siku ya kutembelea wanafunzi. Alikumbuka na jambo jingine, ambalo ndilo lililomkaa zaidi. Tangu mtoto arudi nyumbani alikuwa akiamka saa kumi alfajiri, na fundi alikuwa akijisifu kwa hilo kazini. “Mwanangu mimi huamka saa kumi, mwenyewe, anakaa na vitabu.” Hata kwa marafiki hawa alishalisema, na mwalimu wa historia akampongeza. Aliamini ndiyo nidhamu aliyoilipia.

“Siku hizi ukiamka ile saa kumi unafanya nini?”

“Naangalia kama pamelowa. Kama pakavu nakaa tu. Siwezi kulala tena.”

Wingu lilikuwa limejikusanya upande wa ziwa. Fundi alizifunga buti kwa kamba zake, akazitundika begani, akavaa kandambili zilizokuwa kwenye begi la mtoto. Zilikuwa ndogo, visigino vyake vinaning'inia nje, lakini hazikugusa malengelenge. Mtoto akabeba begi. Walitembea kilomita zilizobaki hivyo, na manyunyu yakawakuta karibu na Kiabakari, mji mdogo ambao zamani ulijulikana kwa mgodi wa dhahabu na siku hizi mahujaji huuendea kwenye kituo cha Huruma ya Mungu.

Wenzao walikuwa kwenye mgahawa kando ya barabara, wameshaagiza chai na chapati. Watoto walipoziona kandambili zile miguuni mwa fundi walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Mwalimu wa historia akauliza, “Mmechelewa, mlikuwa mnaongea nini?”

“Viatu,” alisema mtoto.

Ndani ya gari la kurudi Musoma, watoto wakiwa wamelala, fundi aliwaeleza wenzake. Hawakukubaliana, na ni vizuri hilo likasemwa. Dada wa vitenge alisema binti yake alikwenda bweni akiwa na miaka 13 na kila likizo huhesabu siku za kurudi. Muuguzi alisema kukojoa kitandani kwa mtoto aliyekwisha kuacha ni jambo la kumpeleka hospitali akaonwe, kwa sababu linaweza kuwa ugonjwa na linaweza kuwa hofu, na kumchapa au kumcheka huzidisha. Aliuliza pia, kwa upole, iwapo mama wa mtoto alijua. Mwalimu wa historia hakusema mengi. Alisema tu kwamba naye huitumia hadithi ya Mwisenge darasani kila mwaka.

Mama wa mtoto hakuwa anajua. Usiku huo alilia jikoni, kisha akakasirika, zaidi kwa sababu ya shuka kuliko kwa jambo lingine lolote. Maswali ya zamani yakarudi palepale: nani atampokea mtoto saa tisa, nani atapika, kazi za Mugumu zifanyweje. Walivutana wiki tatu. Mwishowe bibi mzaa mama alikubali kuja kutoka Bunda mpaka mwezi wa sita, na fundi akaacha kuchukua kazi za kulala nje, jambo ambalo limempunguzia kipato na hafichi kwamba linamuuma. Pesa ya fomu shule haikurudisha. Januari mtoto akaanza darasa la tano shule ya kutwa, dakika 15 kwa miguu kutoka nyumbani.

Hospitali walimkuta hana ugonjwa.

Siku nyingine, saa kumi alfajiri, fundi husikia kitanda kikilia chumba cha pili. Huamka, huwasha taa ya ukumbini, husema “Ni mimi, lala,” na kukaa kwenye kiti cha mlangoni mpaka asikie mtoto anakoroma. Siku nyingine hasikii kitu.