PAA HALIVUJI, MPENDWA



Kama unaishi Limuru, Kinangop au Molo, unaijua baridi ya Julai. Na huenda unalijua hili pia: unaamka alfajiri, blanketi limelowa, matone yanadondoka kutoka kwenye mabati, na usiku kucha mvua haikunyesha. Unamwita fundi. Anapanda juu, anatafuta tundu, halipati.

Paa halivuji. Maji hayo yametoka ndani ya nyumba. Ni pumzi ya watu watano waliolala chumba kimoja. Ni mvuke wa githeri iliyochemka jioni yote. Ni nguo za watoto ulizoanika ndani. Mabati hupoa haraka usiku. Mvuke ukiyagusa unageuka maji, na maji yanakurudia kitandani.

Nasi tukiona hivyo tunaziba zaidi! Matambara kwenye kila mwanya, jiko la makaa katikati. Kumbe kadiri unavyoziba ndivyo unavyolowa. Kuta zinaota kuvu, mtoto anakohoa.

Tena nisikilize vizuri, mama, baba: jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa linaua. Sumu yake haina rangi wala harufu, hata kama makaa hayatoi moshi. Jiko litoke nje kabla hamjalala. Acha tundu la hewa juu ya ukuta, na lingine upande wa pili. Funika sufuria. Nguo zianikwe nje. Ukijaliwa, weka dari chini ya mabati. Utahisi baridi kidogo, lakini utalala pakavu, na utaamka.

Soma Mwanzo 6. Safina ilipakwa lami ndani na nje ili maji yasiingie. Lakini Mungu yule yule aliagiza iachiwe nafasi ya mwanga juu.

Kuna mtu anasoma hapa ambaye aliumizwa, akaziba kila mwanya. Ukimpigia simu anakujibu, "Niko sawa." Alidhani anazuia baridi. Sasa uchungu aliofungia ndani unamdondokea usiku, naye analaumu jirani, mkwe, wachawi. Mpendwa, si kila tone limetumwa na adui. Mengine ni pumzi yetu wenyewe iliyokosa pa kutokea.

Fungua kidogo. Huna haja ya kubomoa ukuta wala kumwambia kila mtu. Tundu moja kwa Mungu, katika maombi ya kweli. Tundu lingine kwa ndugu mmoja mwaminifu, mtu anayejua kunyamaza. Hewa inahitaji pa kuingilia na pa kutokea.

TUOMBE: Baba, tulinde usiku wa leo, sisi na watoto wetu. Onyesha kila mmoja mahali alipojifungia, umpe ujasiri wa kufungua. Kwa jina la Yesu.

Andika AMINA. Na kabla hujalala, toa jiko nje, kisha mtumie ujumbe huu mtu mmoja anayeishi kwenye baridi.